Nani Atamwambia Mkulima Kwamba Amekosea Sala?

Simulizi za kubuni zinazoandikwa siku hizi kwa Kiswahili na kusomwa kwenye simu, zile za falme, ngome, panga na majoka, zina mkulima mmoja asiyeeleweka. Sura ya kwanza hajui hata herufi moja. Kuhani akifungua kitabu, yeye anatumbua macho tu. Sura ya nane binti yake anaokota hati ya kale pangoni, imeandikwa kwa lugha iliyokwisha kufa, na anaisoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Katikati ya hapo, ukitaka kujua mkulima huyo anaamini nini, mwandishi anakujibu kwa neno moja: miungu. Miungu gani, inakasirishwa na nini, nani alimfundisha habari zake na kwa malipo gani, kimya.

Kosa hili linauma zaidi likifanywa na mwandishi wa Tanga au Bagamoyo, kwa sababu malighafi ya kulirekebisha iko mlangoni kwake. Pwani hii imeishi kwa karne nyingi na hali ileile ambayo dunia ya mtindo wa Zama za Kati inaihitaji: lugha ya ibada ambayo wengi hawaielewi, maandishi matakatifu yaliyo mikononi mwa wachache, na watu wa kawaida wanaoijua dini yao barabara bila kuisoma kitabuni. Ulaya ya karne ya 13 ilikuwa hivyo kwa Kilatini. Mrima, yaani pwani yetu hii, ulikuwa hivyo kwa Kiarabu. Tofauti zipo, tena kubwa, na nitazitaja zinapohusika. Lakini mwandishi anayeanza kujenga kijiji chake kwa kujiuliza ni asilimia ngapi ya watu wanajua kusoma ameanza na swali bovu. Swali linalozaa hadithi ni hili: mtu wa kawaida akikosea jambo la dini, nani ana haki ya kumsahihisha, anamsahihisha kwa kutumia nini, na kosa lenyewe linamgharimu nani?

Tuanze na kusoma kwenyewe, maana hapo wengi hulundika mambo matano ndani ya neno moja. Kuna kukariri. Kuna kutambua herufi na kuzitamka. Kuna kuelewa kilichotamkwa. Kuna kuandika. Na kuna kuhesabu na kuweka kumbukumbu ya deni. Kwenye dunia yetu ya leo mtoto hufundishwa yote pamoja shuleni, ndiyo maana tunadhani ni kitu kimoja. Zamani yalikwenda mbalimbali, na mtu aliweza kuwa hodari katika moja na mtupu katika mengine manne.

Chuo cha Kurani cha pwani kinaonyesha hili vizuri kuliko mfano wowote. Mtoto huanza na alifu, be, te kwenye ubao, kwa wino wa masizi na kalamu ya mwanzi. Akishazijua herufi anapewa irabu: fat-ha, kasra, dhumma. Kisha anaunga, herufi na irabu, kwa sauti, pamoja na wenzake, huku mwalimu akisikiliza vinywa kumi kwa wakati mmoja na kumkamata aliyepotea. Baada ya hapo ndipo huingia juzuu Amma, sura fupi za mwisho wa msahafu, akianzia na zile anazozihitaji kwenye sala. Ubao huoshwa, somo jipya huandikwa juu yake. Anayeendelea hufika mwisho wa msahafu na kuhitimu, jambo linalofanyiwa sherehe. Mhitimu huyo anaweza kusoma ukurasa wowote wa Kiarabu kwa sauti na kwa matamshi sahihi, na asiweze kukueleza maana ya mstari mmoja. Hajadanganywa wala hajafeli. Amepata alichopelekwa kupata, yaani uwezo wa kusali na kusoma kitabu cha Mungu kama kilivyoteremshwa. Maana ni elimu nyingine, ina walimu wengine na vitabu vingine, na wengi hawakuwa na muda wala fedha ya kuifuata.

Ulaya ya Zama za Kati ilikuwa na mtoto wa aina hiyohiyo, yule aliyejifunza herufi kwa zaburi za Kilatini na kuziimba kanisani bila kujua Kilatini. Kwa hiyo ukisema mhusika wako "anajua kusoma", msomaji makini ana haki ya kuuliza: anajua kusoma nini, kwa lugha gani, na anaelewa kiasi gani?

Jambo la pili ni hati yenyewe. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mtindo wa zamani, herufi hazikutosha. Kiarabu hakina p wala v wala ch wala g ya kwetu, na kina irabu tatu tu. Basi kasra ilibeba i na e, dhumma ikabeba u na o. Be ilisimama badala ya b, p na mb. Matokeo yake neno "pembe" na neno "bibi" yaliweza kuandikwa sawasawa kabisa, herufi kwa herufi. Sasa fikiria mtu wa bara apokee barua ya tajiri wake wa Bagamoyo inayomwagiza alete moja kati ya hivyo viwili. Kwa kawaida muktadha ulimwokoa msomaji: barua za biashara zilifuata mpangilio uliozoeleka, salamu zilijulikana, na tenzi zilikuwa na vina vya kumwongoza. Maana yake ni kwamba aliyesoma vizuri ni yule aliyekwisha kujua nusu ya kilichoandikwa. Hati kama hiyo haisomeki na mgeni anayeiokota pangoni, hata akiwa amehitimu msahafu mara tatu. Kwa mwandishi wa fantasia hii ni zawadi. Hana haja ya kubuni mafumbo wala laana inayoficha maneno. Hati yenye upungufu wa irabu inatosha kuanzisha vita.

Kusoma bila kuandika nako kulikuwa jambo la kawaida. Sheria ya kanisa ya Sweden ya mwaka 1686 ilitaka watu, hata watumishi wa mashambani, wajifunze kusoma neno la Mungu kwa macho yao wenyewe, na wachungaji wakapita kaya kwa kaya kuwapima. Kuandika hakukusisitizwa. Nchi ikajaa wasomaji ambao ukiwapa kalamu hawaandiki barua. Huo si wakati wa Zama za Kati, lakini unaonyesha kwamba mamlaka ikitaka watu wasome bila kuandika, inawezekana, na sababu yake ni ya wazi: anayesoma anapokea, anayeandika anajibu.

Sasa vifaa, ambavyo waandishi huviruka kwa haraka ya kufika kwenye vita. Kabla hujaamua nani anasoma, amua wanaandikia juu ya nini. Nakala moja ya Biblia ya Gutenberg ya ngozi, miaka ya 1450, ilihitaji ngozi za ndama zipatazo 170. Zizi zima limegeuka kitabu kimoja. Mahali ambapo kitabu ni ngozi, kijiji hakina kitabu. Kina padri mwenye vitabu viwili au vitatu vilivyochakaa, navyo ni mali ya kanisa. Lakini nenda Novgorod, kaskazini mwa Urusi ya leo. Huko watu walikwaruza maandishi kwa kijiti chenye ncha juu ya magome meupe laini ya miti, vitu vya bure msituni. Tangu mwaka 1951 wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua barua zaidi ya 1,000 za namna hiyo: madeni, malalamiko, posa, maagizo ya nyumbani. Kati yake zipo za mtoto aitwaye Onfim, wa karne ya 13, anayekadiriwa kuwa na miaka sita au saba. Ameandika alfabeti, vipande vya zaburi, halafu akachoka kama watoto wote wanavyochoka na kuchora mnyama, akaandika kwamba yeye ni mnyama wa mwituni. Karne ileile, bara lilelile, dini inayokaribiana, na hali ya watu wa kawaida mbele ya maandishi ni tofauti kabisa kwa sababu ya gome la mti. Ubao wa chuo wa pwani unaingia kundi la Novgorod: kifaa cha bei ndogo kinachofutika, kinachomwezesha maskini kujifunza herufi ingawa hatamiliki msahafu.

Na asiye na herufi hakukosa kumbukumbu. Uingereza hazina ya mfalme ilitumia vijiti vya deni kuanzia karne ya 12. Kijiti kilichongwa mikato: upana wa kiganja kwa pauni 1,000, upana wa kidole gumba kwa 100, upana wa kidole kidogo kwa 20, na punje ya shayiri kwa pauni moja. Kisha kilipasuliwa kwa urefu, kila upande ukachukua nusu. Siku ya kulipa nusu mbili zilikutanishwa; mikato isipolingana, mmoja wenu ni mwizi. Mfumo ulikomeshwa mwaka 1826, na vijiti vilipochomwa mwaka 1834 moto ukateketeza jengo la Bunge. Mkulima wa simulizi zako anaweza asijue alifu wala A, na bado usimpunje hata senti.

Tuje kwenye dini yenyewe. Mtu wa kawaida alitakiwa ajue nini? Kwa Ulaya jibu lipo kwenye maandishi ya kanisa. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliamuru kila Mkristo aliyefikia umri wa akili aungame kwa padri wake angalau mara moja kwa mwaka na apokee komunyo wakati wa Pasaka. Mwaka 1281 Askofu Mkuu wa Canterbury, John Peckham, aliagiza mapadri wawafundishe watu mara nne kwa mwaka, kwa lugha ya nyumbani, mambo haya: vipengele 14 vya imani, amri 10, amri mbili za upendo, matendo saba ya huruma, dhambi kuu saba, fadhila saba na sakramenti saba. Ongeza sala tatu za kukariri kwa Kilatini, yaani Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki. Hiyo ndiyo mitaala. Angalia zilivyo namba: saba, saba, saba, kumi. Elimu iliyopangwa hivyo imekusudiwa kuhesabiwa vidoleni na mtu asiye na daftari. Angalia tena kwamba agizo lenyewe lilitolewa kwa sababu mapadri wengi walikuwa hawajui. Kuhani asiyejua ni mhusika mzuri kuliko kuhani mwovu, na historia imejaa watu kama yeye.

Pwani mtu wa kawaida alitakiwa ajue shahada, udhu kwa mpangilio wake, Fatiha na sura chache, nguzo za sala, funga na halali na haramu ya chakula. Sehemu kubwa ya elimu hiyo iko mwilini. Hakuna aliyefundishwa udhu kwa kitabu. Alimtazama mkubwa akinawa mikono, akisukutua, akivuta maji puani, akiosha uso, mikono mpaka viwikoni, akipaka kichwa, masikio, akaosha miguu. Akiruka hatua, bibi yake alimpigia kelele. Huyo bibi ndiye taasisi ya dini ambayo simulizi zetu hazina.

Na kuna mazishi, ambayo ni darasa la watu wazima. Maiti akishafukiwa, mwalimu hukaa upande wa kichwa na kumsomea talqini: watakujia malaika wawili, wakikuuliza nani Mola wako, wajibu Allah ndiye Mola wangu, wakikuuliza Mtume wako, dini yako, kibla chako, ndugu zako, wajibu hivi na hivi. Anayeambiwa ni marehemu. Wanaosikia ni waliosimama na udongo miguuni, wanaorudi nyumbani kila msiba wakiwa wamepitishwa tena kwenye maswali ya mtihani na majibu yake. Mtu aliyezika majirani 30 anaijua akida yake neno kwa neno, hata kama hajawahi kukaa mkekani kwa mwalimu. Ukitaka wanakijiji wako wajue habari za ahera kwa njia inayoaminika, wape desturi ya mazishi yenye maneno, uirudie mara mbili au tatu kwenye hadithi, na msomaji atajifunza pamoja nao.

Picha na majengo nayo yalifundisha. Papa Gregori Mkuu, mnamo mwaka 600, alimkemea Askofu Serenus wa Marseille kwa kuvunja sanamu, akisema picha humfaa asiyesoma kama maandishi yanavyomfaa anayesoma. Hoja hiyo imenukuliwa mno kuliko inavyostahili. Picha hukukumbusha unachokijua, haikufundishi usichokijua. Mtu asiyewahi kusikia habari za Yona akiona mtu ndani ya samaki atafikiri ni ajali ya baharini. Makaburi ya nguzo kwenye magofu ya Tongoni, karibu na Tanga, na Kaole, karibu na Bagamoyo, yalikuwa na bakuli za kauri zilizopachikwa kwenye mawe. Mpita njia aliyajua ni ya watu wakubwa wa dini na mji, kwa sababu kuna aliyekuwa amemwambia.

Hapa ndipo swali la kosa linapoanza kulipa. Mwaka 746 Papa Zakaria alimwandikia Bonifasi, mmisionari wa nchi za Wajerumani, kuhusu padri mmoja wa Bavaria asiyejua Kilatini, aliyebatiza watu kwa maneno yaliyokosewa, "in nomine patria et filia", yaani kama vile kwa jina la nchi na la binti. Bonifasi alitaka wabatizwe upya. Papa akakataa: padri hakuwa mzushi, alikosa lugha tu, ubatizo unasimama. Kesi ndogo, matokeo makubwa. Dini iliyotoa hukumu hiyo imeamua kwamba nia inaziba pengo la ulimi. Imewalinda mamia ya wanakijiji wasioweza kujua kama kuhani wao anabananga.

Weka pembeni yake fikihi (sheria ya ibada) ya Kishafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu. Fatiha ni nguzo ya sala, na inahesabiwa ikiwa na shada zake 14, yaani alama za kukaza herufi. Kosa linalogeuza maana lina hukumu yake. Mfano unaotolewa na walimu ni wa irabu moja: "an'amta" ni "uliowaneemesha" Wewe Mungu, ukisema "an'amtu" umesema "niliowaneemesha" mimi. Ukikusudia, sala imevunjika na pengine zaidi ya sala. Usipokusudia, rudia na ujifunze. Kosa dogo la sauti lisilogeuza maana ni aibu kwa msomaji hodari, na kwa mtu wa kawaida linasamehewa. Unaona mfumo ulivyo na ngazi? Kila ngazi inatoa kazi kwa mtu: yupo wa kusikia kosa, yupo wa kulipima, yupo wa kuamua nani arudie. Ndiyo sababu mwalimu wa chuo ana heshima kuliko fedha zake.

Sasa chukua mkunga wa Ulaya. Mtoto akizaliwa yu mahututi na padri yuko mbali, mtu yeyote aliweza kumbatiza, na mapadri walitakiwa kuwafundisha waumini maneno ya kutumia, kwa lugha yao. Mwanamke asiyejua herufi alishika mikononi, kwa dakika mbili, wokovu wa mtoto kwa mujibu wa imani ya kijiji kizima. Baadaye padri alimhoji: ulisema nini, kwa mpangilio gani, maji yalimgusa mtoto? Jibu lake liliamua mtoto azikwe ndani ya makaburi ya kanisa au nje. Sijui kwa nini waandishi wanahangaika na upanga wa ajabu wakati tukio kama hilo lipo.

Watu wa kawaida pia walifikiri wenyewe, jambo ambalo simulizi zinazomfanya mkulima kuwa mcha Mungu asiyehoji hulisahau. Kati ya mwaka 1318 na 1325 Askofu Jacques Fournier wa Pamiers, kusini mwa Ufaransa, aliwahoji wanakijiji wa milimani kuhusu uzushi, na kumbukumbu zake zimebaki. Wamo waliofuata mafundisho ya Wakathari, kundi lililoitwa la wazushi na kanisa, lakini wamo pia waliokuwa na yao. Mmoja alishikilia kwamba roho ni damu tu. Kwa mtu anayechinja kila mwaka na kuona uhai ukitoka pamoja na damu, si wazo la kipuuzi. Karne mbili na nusu baadaye msaga nafaka wa Friuli, kaskazini mwa Italia, Domenico Scandella aliyejulikana kama Menocchio, alisoma vitabu vichache vya kuazima, akavichanganya na akili yake, akafundisha kwamba dunia iliganda kama jibini kutoka kwenye maziwa na malaika wakatokea humo kama mabuu. Alihojiwa mara mbili kwa miaka tofauti na kuuawa mwaka 1599. Wote wawili walichukua mfano kutoka kwenye kazi za mikono na vyakula vya kila siku. Ukimpa mkulima wako uzushi, utoe shambani au jikoni. Usimpe maneno ya profesa.

Nao wenye mamlaka walijua kitabu si lazima kiwe mkononi ili kiwe hatari. Uingereza mwaka 1409 Askofu Mkuu Arundel alipiga marufuku kutafsiri maandiko kwa Kiingereza bila idhini. Wafuasi wa John Wycliffe, mwanateolojia aliyetaka maandiko yasomwe kwa Kiingereza, waitwao Walolardi, waliendelea kukutana majumbani. Mmoja akisoma, wengine wakikariri, hadi wasiojua kusoma wakawa wanabeba sura nzima kichwani. Mpekuzi akija hakuti karatasi. Kwetu tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1923, na Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana; ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ikafuata mwaka 1969. Kabla ya hapo maana ilipita kwa mdomo wa sheikh kwenye darsa za tafsiri, na kwa tenzi. Mpaka leo misikiti ya Tanga haiko pamoja kuhusu talqini na maulidi. Wapo wanaoyaona ni sunna njema na wapo wanaoyaita bidaa. Anayeweza kusoma kitabu mwenyewe huja na swali ambalo babu yake hakuwa nalo, na mzee wa mtaa hujibu kwa kile alichokisikia makaburini miaka 50. Hiyo ni hadithi nzima, na haihitaji joka.

Maandishi yana kazi nyingine kwa asiyesoma: ni kitu. Kombe huandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, huoshwa kwa marashi mawaridi au maji, na mgonjwa hunywa. Hirizi ni karatasi iliyokunjwa na kushonewa ndani ya ngozi au kitambaa. Aliyeivaa hatakiwi hata kuifungua. Falaki, elimu ya kupiga nyota, huchukua jina la mtu na la mama yake, ikahesabu herufi kwa thamani ya abjadi (alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, mpaka ghaini 1,000), ikaondoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndicho buruji yake, yaani nyota yake. Anayebuni uchawi kwa ajili ya simulizi au mchezo wa kompyuta ana hapo mfumo uliokamilika, wenye hesabu, vifaa na mahali pa kukosea: mama akitaja jina lisilo lake, nyota yote imeharibika. Ulaya ilikuwa na yake. Mahakama za Uingereza zilimkabidhi kwa kanisa mshitakiwa aliyeweza kusoma mstari wa zaburi, mara nyingi ule unaoanza "Miserere mei, Deus". Wahalifu wasiojua kusoma waliukariri, na shingo zao zikapona.

Kupanda ngazi kulikuwepo, ila usikufanye rahisi. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, alitekwa utotoni upande wa Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, na kufikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Alisoma, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika (njia ya kisufi) ya Kadiria mjini humo, wakimfuata hata wana wa watu wakubwa. Alifariki mwaka 1931. Mji huohuo ulikuwa na misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu tangu mwaka 1868, iliyowafundisha watumwa waliokombolewa katekisimu kwa maswali na majibu. Tarika na misheni zote mbili zilimpa mtu asiye na ukoo mahali pa kuanzia. Wanawake njia yao ilikuwa nyingine. Mwana Kupona alimwandikia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, lakini huyo alikuwa mke wa mtawala. Mwanamke wa kawaida alifundisha kwa sauti, nyumbani, na jina lake halikuandikwa.

Ukiniuliza kijiji cha kubuni cha kaya 60, watu kama 300, ningekipanga hivi. Kuhani mmoja mwenye vitabu vitatu, anayekielewa vizuri kimoja. Msaidizi wake, kijana anayetamka kila herufi bila kuelewa na ana sauti nzuri, kwa hiyo watu wanamwona msomi kuliko bosi wake. Watu watano au sita wanaotambua herufi za majina yao na alama za mizigo. Msaga nafaka mwenye vijiti vya deni vya kijiji kizima, ambaye kwa hakika ndiye anayejua siri za watu. Mkunga mwenye kanuni moja ya maneno 12 anayoirudia kila usiku asije akaisahau. Ajuza mmoja anayejua sala ya zamani iliyobadilishwa na makao makuu miaka 40 iliyopita, na anakataa kubadilika. Wengine wote wanajua sala tatu, sikukuu zote, miiko ya chakula, na nyimbo nyingi za dini ambazo nusu ya maneno yake yameshaharibika midomoni.

Halafu mlete mkaguzi kutoka mjini, mwenye kitabu kipya. Usimfanye katili. Mfanye mtu mwema anayesikia kosa kila anapogeuka: mkunga amekosa neno la tatu, ajuza anasali sala iliyofutwa, msaidizi anatamka kwa madoido bila maana. Mkaguzi akisema ubatizo wa mkunga haukusimama, watoto waliokwisha kuzikwa wanakuwaje? Akisema umesimama, kitabu chake kipya kina kazi gani? Kijiji kitagawanyika hapo, wala hutahitaji kumchora mtu mmoja kama shetani.

Kuna jambo la mwisho la lugha ya mazungumzo. Watu wa kawaida hawanukuu maandiko kwa sura na aya. Huyanukuu kwa "Mungu amesema" au "imeandikwa", na mara nyingi kilichofuata hakikuandikwa popote. Huku kwetu "tafuteni elimu ingawa China" husemwa kila mahali kama hadithi ya Mtume, na wataalamu wa hadithi wanaihesabu kuwa dhaifu. Methali huvaa kanzu ya aya, na aya hutembea uchi kama methali. Basi mpe mhusika wako nukuu isiyo sahihi, aitoe kwa kujiamini kabisa mbele ya watu 20. Watu 19 waitikie. Mmoja, yule msaidizi wa kuhani mwenye sauti nzuri, ajue kwamba haimo kitabuni, kwa sababu amekitamka chote mara nyingi na hajawahi kukutana nayo, na asiwe na uhakika kama anaruhusiwa kusema.